Makumbusho ya Bujora yalianzaje?

Ndugu uliyeuliza kama Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora yalijengwa na serikali kwa ajili ya watalii, jibu ni hapana. Yalianzia parokiani, pale Kisesa, kilomita zipatazo 20 kutoka Mwanza mjini, kwa juhudi za Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, akishirikiana na wazee wa Kisukuma waliokusanya vyombo, nyimbo na masimulizi ya mababu. Yakafunguliwa mwaka 1968. Utemi, yaani utawala wa machifu wa jadi, ulikuwa umefutwa mwaka 1963, na ngoma za watemi, ambazo zamani hazikupigwa ovyo, zilihitaji mahali pa kutunziwa kwa heshima. Ndiyo maana jengo la watemi lina umbo la kiti cha enzi, na ndani yake ngoma hizo zimepangwa kwa safu. Mimi huvutiwa zaidi na hilo kuliko nyumba ya msonge ambayo wageni wengi hukimbilia kuipiga picha. Tena si mahali pa vitu vilivyolala tu: kila Juni, katika sherehe za Bulabo, vyama viwili vya wachezaji ngoma wa Kisukuma, Bagika na Bagalu, hushindana papo hapo kucheza ngoma.