Wanachama wa Shirika la Malta ni akina nani

Wapo wanaosema Shirika la Malta ni klabu ya mapadre na watu wa damu ya kikabaila tu. Wapi, si hivyo tena. Shirika hili la Kijeshi la Malta, ambalo ni shirika la Kikatoliki linalohudumia wagonjwa, lina wanachama wapatao 13,500, na wengi wao ni walei (waumini wasio mapadre wala watawa) wenye ndoa na kazi zao, wanawake wakiwemo.

Wamegawanyika madaraja matatu. La kwanza ndilo la watawa hasa, wanaume walioweka nadhiri za ufukara, useja na utii. Hao ni wachache mno. La pili hutoa ahadi ya utii tu. La tatu, ambalo ndilo kubwa kuliko yote, halina nadhiri wala ahadi hiyo.

Sharti la kuwa na damu ya kikabaila lilikuwa kweli kwa ngazi za juu, lakini Katiba mpya aliyoitangaza Papa Fransisko Septemba 2022 ililiondoa. Mkuu wa Shirika sasa anachaguliwa kwa miaka 10, si mpaka kufa. Wa sasa ni John Dunlap, mwanasheria kutoka Kanada, aliyechaguliwa Mei 2023. Soma Katiba yenyewe, iko wazi kwenye tovuti yao.

Ila usidhani unajaza fomu ukaingia. Lazima uwe Mkatoliki, na unaingia kwa kualikwa. Na msichanganye wanachama na wale wa kwenye magari yao ya wagonjwa na hospitali: wengi wao ni waajiriwa au watu wa kujitolea, wala si wanachama.