Shule ya Parokia Iliyojengwa kwa Senti za Wahamiaji

SWALI: Ndugu Mhariri, binti yangu na mumewe walihamia Chicago, Marekani, na mjukuu wangu anasoma huko katika shule ya parokia. Anasema maandishi ya zamani ukutani ni ya Kipolandi, ilhali wenzake darasani wengi ni watoto wa Wameksiko. Shule hizo zilianzaje, na kwa nini maskini waliofika ugenini walijitwisha mzigo huo wakati shule za serikali zilikuwa hazina karo? Sisi tuliotoka Kongo tukahamia Kampala tunalizungumza jambo hili baada ya Misa, kwa kuwa tungependa watoto wetu wawe na shule yao.
Mama msomaji, Nsambya

JIBU: Mama, hofu ya wazazi ilitangulia amri ya maaskofu. Shule za umma za Marekani ziliitwa za watu wote, lakini Biblia iliyosomwa humo ilikuwa ya Kiprotestanti, na baadhi ya vitabu vya kiada viliwadharau Wakatoliki. Mwaka 1840 John Hughes, aliyekuwa akiliongoza Kanisa la New York, alidai kwamba shule za Wakatoliki zipewe sehemu ya fedha za elimu, na aliponyimwa akaelekeza nguvu katika kujenga shule zake mwenyewe. Huko Philadelphia, ugomvi kuhusu Biblia ya kusomwa shuleni ulichangia ghasia za mwaka 1844, ambapo makanisa ya Mtakatifu Mikaeli na Mtakatifu Augustino yalichomwa moto. Mwaka uliofuata njaa ikaanza Ayalandi, na wakimbizi wake, wengi wao Wakatoliki, wakafurika katika miji hiyohiyo. Ni mwaka 1884 tu ndipo maaskofu, waliokutana Baltimore, walipoagiza kila parokia isiyo na shule iwe imejenga ndani ya miaka miwili.

Kwa Wapolandi wa Chicago, walioanzisha parokia ya Mtakatifu Stanislaus Kostka mwaka 1867, imani na lugha vilikuwa kitu kimoja: mtoto asiyeweza kusali pamoja na bibi yake alihesabiwa kuwa amepotea. Wajerumani nao waliona hivyo, na sheria za mwaka 1889 za Illinois na Wisconsin zilipotaka masomo ya msingi yafundishwe kwa Kiingereza, Wakatoliki na Walutheri wa Kijerumani waliungana hadi zikafutwa. Hata hivyo, shule hizo hazikuwafungia watoto nje ya Marekani. Humohumo ndimo wengi walimojifunza Kiingereza.

Kuhusu gharama, parokia nyingi zilijenga jengo moja, kanisa chini na madarasa juu. Lakini nguzo halisi, nami nasikitika kwamba husahaulika, ilikuwa masista. Waliishi pamoja konventini, wakapokea posho ndogo mno kuliko mshahara wa mwalimu wa serikali, na wengi wao walifundisha darasa moja lenye watoto zaidi ya hamsini. Katikati ya miaka ya 1960 shule za Kikatoliki za Marekani zilikuwa na wanafunzi zaidi ya milioni 5. Leo hawafiki milioni 2. Masista walipopungua, walimu walei, yaani wasio watawa, walihitaji mishahara kamili, karo ikapanda, na wakati huohuo wajukuu wa wahamiaji wa kwanza walikuwa wakihamia pembezoni mwa miji. Shule nyingi zilifungwa. Baadhi ya zilizobaki zikawapokea wahamiaji wapya, na ndiyo sababu mjukuu wako anasoma na Wameksiko chini ya maandishi ya Kipolandi.

Hapo Nsambya penyewe, Mama, wamisionari wa Mill Hill, shirika la Kikatoliki la Uingereza, walifika mwaka 1895, na masista Wafransisko, akiwemo mtawa aliyeitwa Mama Kevin, wakawafuata mwaka 1903. Watawa hao nao hawakufanya kazi kwa mshahara. Kwa hiyo mtakapoketi tena baada ya Misa, kabla ya kuulizia kiwanja, ulizeni walimu watalipwa na nani mwaka wa tano, wakati michango ya mwanzo itakapokuwa imekwisha, na pia katekisimu itafundishwa kwa Kiswahili, Kilingala au Kiingereza.