Mkojo kwanza, jeni baadaye: kwa wanaoanza kliniki ya figo Tanga

Wengi mnaokuja kuanza kazi kliniki ya figo mnatoka chuoni na hamu kubwa ya jeni. Si vibaya. Ila mgonjwa wenu wa kwanza huenda akawa kijana wa Muheza au Pangani anayekojoa damu, na cha kumtafutia kwanza ni kichocho. Mchukueni mkojo kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, wakati mayai yanatoka kwa wingi, mtafute kwenye hadubini yai lenye mwiba mwishoni. Muulizeni pia damu inakuja wakati gani. Ya kichocho mara nyingi hutokea mwishoni mwa haja, nyekundu kabisa. Ikitoka kwenye vichujio vya figo, mkojo wote huwa kama chai ya rangi, na protini ikizidi hufanya povu.

Kisha hesabuni siku. Mtoto aliyeumwa koo au aliyekuwa na vidonda vya upele, akavimba uso wiki kadhaa baadaye, huyo ni wa vichujio vilivyochokozwa na bakteria, na wengi wao hupona. Lakini kijana ambaye mkojo unabadilika siku hiyohiyo koo linapouma, au kesho yake, na hali hiyo ikawa inajirudia, hapo ndipo ugonjwa wa IgA unaingia kwenye orodha. Huu ulielezwa na Berger na Hinglais huko Paris mwaka 1968. Kingamwili za IgA zenye upungufu wa sukari fulani hushambuliwa na kingamwili nyingine, zikagandana na kutua kwenye vichujio. Bila kukata kinyama cha figo na kukipima kwa mwanga maalumu wa kuonyesha kingamwili, hamuwezi kuuthibitisha. Kwa hiyo msiuandike kwenye faili kana kwamba mmeuona.

Jeni zinazoongeza hatari ya IgA ni nyingi, kila moja ikichangia kidogo, na kadhaa ziko eneo la HLA, ambako mwili hujifunza kutofautisha chake na cha mgeni. Kwa ujumla mzigo wa jeni hizo ni mdogo Afrika na mkubwa Asia ya Mashariki. Hilo lisiwafanye mseme ugonjwa huu haupo kwetu: vinyama vya figo vinavyokatwa huku ni vichache, na kisichopimwa hakionekani.

Jeni ya kuijua vizuri zaidi, kwa maoni yangu, ni APOL1. Protini yake ni sehemu ya kinga tuliyozaliwa nayo: inazunguka kwenye damu na kuua vimelea jamii ya vile vya malale. Watu wa Tanga mbung'o, wanaoeneza malale, tunawajua. Mjini hapa ndipo walipofugwa madume waliofanywa tasa kwa mionzi, wakaachiwa Unguja mpaka mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa hakina mbung'o tena. Vimelea vya malale ya upande wetu vilipata mbinu ya kuikwepa protini hiyo, na baadhi ya binadamu wakawa na APOL1 iliyobadilika, aina za G1 na G2, zinazosaidia dhidi ya malale kwa viwango tofauti. Gharama yake ilijulikana mwaka 2010: aliyerithi nakala mbili, moja kwa baba na moja kwa mama, figo zake ziko hatarini zaidi.

Ziko hatarini, hazijaugua. Wengi wenye nakala mbili huzeeka na figo nzima. Mara nyingi lazima kitu kingine kiichochee kinga: VVU visivyotibiwa, lupasi (kinga inaposhambulia mwili wenyewe), maambukizi makali ya virusi. Interferoni, protini za kinga za kupigana na virusi, hupanda, seli za vichujio hutengeneza APOL1 kupita kiasi, nazo huumia. Ndiyo maana kumwanzishia mwenye VVU dawa za ARV mapema kunamlinda figo hata kama jeni zake hamkuzisoma kamwe. Utafiti wa Ghana na Nigeria uliotoka mwaka 2024 ulionyesha kwamba hata nakala moja huongeza hatari kidogo. Ila msichukue takwimu za Afrika Magharibi au za Wamarekani weusi mkazibandika Tanga. Aina hizi zimejaa kwa Wayoruba, na Ethiopia karibu hazipo kabisa.

Sasa kuchora ukoo, kazi ambayo vitabu huimaliza kwa ukurasa mmoja. Mtu akisema "baba alikufa kwa figo", ulizeni: baba mzazi, au baba mdogo? Kaka huyu ni wa toka nitoke, wa mama mmoja, au ni binamu? Mume na mke wakiwa watoto wa ndugu, jambo la kawaida kwetu pwani, liandikeni bila kukunja uso, maana ndipo nakala mbili zinapokutana kwa urahisi zaidi. Kwenye familia za Kidigo msimwache mjomba. Mara nyingi yeye ndiye anayekumbuka nani alivimba miguu na nani alipelekwa Dar. Na maswali ya uzazi yaulizwe faraghani. Mbele ya mama mkwe hamtapata jibu, na mkilipata mnaweza kuvunja nyumba.

Mama atawauliza: "Daktari, kumbe mimi ndiye niliyempa mwanangu?" Msimjibu kwa asilimia. Mwambieni, "Hapana mama, hukumpa ugonjwa. Huenda alirithi wepesi wa kuumia figo, kwako na kwa baba yake, na kuna mambo tunayoweza kuyazuia." Halafu yatajeni hasa: presha, kipimo cha VVU, diklofenaki (dawa ya maumivu) za dukani za kila siku, miti shamba isiyojulikana ndani yake mna nini. Waiteni ndugu zake wapimwe presha, mkojo kwa kijiti, na kreatinini, taka ya damu inayoonyesha figo zinachuja vipi. Hivyo havihitaji maabara ya jeni wala safari ya Muhimbili.

Mchoro wa ukoo wekeni kwenye faili la kliniki, si kwenye kadi anayorudi nayo nyumbani. Kadi ile husomwa na kila anayeishika.