Kuwafundisha wanafunzi kuzuia ulemavu wa kuzaliwa: je, ni kushindana na qadari?

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Mimi ni mwalimu wa bayolojia katika sekondari ya wasichana hapa Lamu. Nilipowasomesha Kidato cha Tatu namna ya kuzuia ulemavu wa kuzaliwa, mzazi mmoja alinijia akasema nawafunza wasichana mambo ya walioolewa, tena nashindana na qadari. Je, nina makosa?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam warahmatullah. Huna kosa, mwanangu, na somo hilo usiliache.

Sayyidna Umar (r.a.) alipokuwa njiani kwenda Sham, akapata habari ya tauni, aliwarudisha watu. Abu Ubayda akamuuliza: waikimbia qadari ya Mwenyezi Mungu? Akajibu kwamba wanaikimbia qadari ya Mwenyezi Mungu kuiendea qadari ya Mwenyezi Mungu. Basi kidonge cha foliki asidi, vitamini ya kumkinga mtoto na ulemavu huo, nacho kimo katika qadari Yake.

Ama kuwa ni mambo ya walioolewa, mzazi huyo namuelewa, kwani kuona haya ni sehemu ya imani. Lakini mrija unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutunga. Hapo hedhi imechelewa kama wiki mbili tu. Wengi hawajajua kuwa ni waja wazito, seuze kwenda kliniki. Usipofunga sawasawa, mtoto huweza kuzaliwa na mgongo wazi. Ndiyo maana madaktari wataka mwanamke ameze mikrogramu 400 za foliki asidi kila siku, aanze angalau mwezi mmoja kabla ya kushika mimba. Aliyewahi kuzaa mtoto wa namna hiyo huhitaji kipimo kikubwa zaidi, naye aende kwa daktari. Elimu hii ikingojea arusi, wengine itawafikia wakati umeshapita.

Kenya ililazimisha tangu 2012 unga wa viwandani wa mahindi na ngano utiwe foliki asidi, lakini nyumba zetu nyingi ni wali. Mbaazi, kunde na mchicha zinayo, ila moto huipunguza, kwa hiyo haziondoi haja ya kidonge.

Wavulana nao wafundishwe. Kuoa binti wa ami ni halali, wala hatuharamishi alichohalalisha Mola. Lakini wote wawili wakiwa wamebeba selimundu, ugonjwa wa damu unaorithiwa katika ukoo, kila mimba ina uwezekano wa moja kwa nne wa mtoto kuugua. Damu ipimwe kabla ya posa.

Nakuusia moja, na hili ndilo linalonishughulisha zaidi. Huenda darasani mwako yupo msichana ambaye nduguye amezaliwa na ulemavu. Asitoke akidhani mamake alizembea. Wako waliomeza kila kidonge na bado wakajaaliwa mtoto mlemavu, na kasoro nyingi sababu yake haijulikani. Mtume (s.a.w.) alimfanya Ibn Umm Maktum, aliyekuwa kipofu, kuwa muadhini wake. Msomeshe hilo pamoja na bayolojia.

Mzazi huyo mueleze kwa upole. Akibaki na shaka, mlete kwangu baada ya alasiri.

Wallahu aalam.