Mteja ana haki, lakini mkataba wake ni wa kughushi: wakili afanye nini?

SWALI: Shikamoo, wakili msomi. Nina miaka miwili tangu niapishwe, na ofisi yangu iko Vwawa. Namtetea mzee mmoja, mjibu maombi kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba. Msimamizi wa mirathi ya jirani yake anadai ekari tatu za kahawa. Mzee anasema alizinunua kwa marehemu mwaka 2009. Majibu nimeshawasilisha na mkataba wa mauziano nimeuambatisha. Juzi nikijiandaa kwa usikilizwaji nikagundua kwamba mkataba huo wa 2009 umeandikwa "Mkoa wa Songwe". Nilipombana mzee akakiri: waliuziana kwa mdomo mbele ya watu, karatasi iliandikwa na mpwa wake mwaka jana kabla hawajaja kwangu, na dole gumba si la marehemu. Upande wa pili hawajashtuka. Naweza kuendelea? Nikikataa, si nitakuwa namsaliti mteja?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Usiutoe mkataba huo kuwa kielelezo. Hapo hakuna cha kupima.

Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016; mwaka 2009 mkoa huo haukuwepo. Nakala ya mkataba upande wa pili wanayo mkononi. Wasipoliona kosa hilo leo, wataliona usiku wa kuamkia maswali ya dodoso, yaani siku watakapomhoji mzee. Siku hiyo mzee hatapoteza karatasi peke yake. Majirani wanaokuja kusema kweli kuhusu mauziano yale nao hawataaminika tena. Kinachoniuma katika swali lako ni hicho: huyu mzee huenda kweli alinunua shamba, na mpwa wake, akidhani anamsaidia, amemwekea moto kwenye nyumba yake mwenyewe.

Kuhusu usaliti. Alichokiri kwako ni siri yake. Sheria ya Ushahidi inakukataza kuitoa bila ridhaa yake, na kughushi kulikofanyika kabla hajakupa kazi kumo ndani ya siri hiyo. Lakini angalia mpaka ulipo: kinga haihifadhi mazungumzo ya kupanga uovu. Mkikaa leo mkapanga namna ya kuupitisha mkataba huo mbele ya baraza, mazungumzo hayo hayana kinga, na wewe umeshakuwa mshiriki. Kughushi nyaraka kunaweza kumpeleka mtu jela hadi miaka 7, na kuwasilisha hati unayojua ni ya uongo ni kosa vilevile. Wewe ni ofisa wa mahakama kabla hujawa wakili wa mtu. Kamati ya Mawakili ina uwezo wa kukusimamisha au kuliondoa jina lako kwenye orodha, na "mteja ndiye aliyetaka" haijawahi kuwa utetezi.

Basi mwite mzee, peke yake, bila mpwa. Mweleze kwa lugha ya nyumbani, bila vifungu, kwamba karatasi ile inamfunga. Akielewa, omba ruhusa ya kurekebisha majibu: ondoa mkataba, eleza mauziano ya mdomo kama yalivyokuwa. Kiambatisho ambacho hakijapokelewa kuwa kielelezo si ushahidi, kwa hiyo bado una nafasi. Usijidanganye tu kwamba kukiacha kwenye jalada bila kukigusa kunatosha, maana majibu yako bado yanasema kitu unachojua si kweli. Na hati halisi isichanwe wala isichomwe. Kuharibu ushahidi ni kosa jingine. Mwambie pia wazi kwamba akiulizwa kuhusu karatasi hiyo hutamruhusu adanganye, na kwamba ana haki ya kupata ushauri wa wakili mwingine juu ya jinai.

Kisha nenda shambani. Nimeona kesi nyingi za Mbozi na Rungwe zikishindwa kwa sababu wakili hakutoka ofisini. Nani alipanda miche ile, lini? Stakabadhi za kuuza kahawa kwenye AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) ziko kwa jina la nani, tangu mwaka gani? Majirani wa mpakani wanasemaje? Ukiongea nao, wasaidie kupanga kumbukumbu zao kwa mtiririko, ila maneno yawe yao. Ukimwambia shahidi tarehe ambayo yeye haikumbuki, umerudia kosa la mpwa.

Jiandae na swali gumu zaidi: je, Halmashauri ya Kijiji iliridhia mauziano? Ardhi ya kijiji ikiuzwa bila ridhaa hiyo, mauziano yanaweza kuonekana batili. Tafuta mihtasari ya vikao vya 2009 na 2010. Angalia pia Sheria ya Ukomo, maana dai la ardhi lina ukomo wa miaka 12, na tarehe ya kifo cha jirani ni muhimu katika hesabu hiyo.

Mzee akikataa kuuondoa mkataba, jitoe. Mpe taarifa ya maandishi mapema ili apate wakili mwingine, omba ruhusa ya baraza, sema ni kwa sababu za kitaaluma, na uishie hapo. Mwenyekiti akikudadisi, rudia maneno hayohayo. Mrudishie mzee nyaraka zake na ada ambayo hujaifanyia kazi.

Andika kumbukumbu ya kikao chenu, tarehe na ushauri uliompa, uiweke kwenye faili lako leo hii, kabla hujamwita tena.