Maswali ya Wasomaji: Nyumba nzima tunawashwa usiku, tatizo ni nini?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, ninaishi Morogoro. Desemba iliyopita mwanangu mkubwa alirudi likizo kutoka shule ya bweni akijikuna katikati ya vidole. Baada ya mwezi mmoja hivi nami nikaanza kuwashwa kiunoni na chini ya matiti, kisha kitinda mimba wangu, mwenye miaka minne, akawa halali kwa kujikuna. Duka la dawa walinipa vidonge vya mzio, halafu krimu iliyotuliza kwa siku tatu, muwasho ukarudi kwa nguvu zaidi. Kituo cha afya nikapewa dawa nyeupe ya maji, nikampaka yule mdogo peke yake kwa kuwa ndiye aliyezidiwa. Alipata nafuu, lakini wiki tatu baadaye hali ikawa ileile. Mume wangu hawashwi na hataki kupakwa chochote, na mama mkwe anasema hatuogi vizuri. Nimebadilisha sabuni, nimeacha dagaa na mayai. Je, huu ni mzio au ni damu chafu?

JIBU: Marahaba, dada yangu, na pole sana kwa miezi hii ya kukosa usingizi. Siwezi kukupima kwa barua, lakini muwasho unaozidi usiku, unaokaa katikati ya vidole, kiunoni na chini ya matiti, na unaohama kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine ndani ya nyumba moja, hunifanya nifikirie upele kabla ya ugonjwa mwingine wowote. Mzio wa dagaa hauambukizwi, na hakuna damu chafu inayotoka kwa kaka kwenda kwa mdogo wake.

Upele huletwa na kijidudu wa jamii ya utitiri, asiyefikia hata nusu milimita, ambaye jike lake huchimba njia katika tabaka la juu la ngozi na kutaga mayai humo. Mtu mmoja mara nyingi huwa na vijidudu 10 hadi 15 tu mwili mzima; kinachowasha ni jinsi mwili unavyowakataa wao, mayai yao na kinyesi chao. Kwa mtu ambaye hajawahi kuugua, mwili huchukua wiki 4 hadi 6 kabla ya kuanza kuwakataa hivyo, nacho ndicho kipindi kilichopita kati ya kurudi kwa mwanao na kuanza kwako kuwashwa. Ndiyo sababu mume wako anaweza kuwa nao na asihisi lolote, huku akikurudishia ugonjwa kila unapopona.

Mchukue mwanao mdogo umkalishe dirishani mchana, umtenganishe vidole taratibu, kisha utazame pia kwenye viganja na kwenye mikunjo ya kifundo cha mkono. Ukiona vijistari vifupi vilivyopinda, kama uzi wa kijivu uliopitishwa chini ya ngozi, hizo ndizo njia zenyewe. Baadhi ya wahudumu hupaka wino mahali hapo na kuufuta kwa spiriti, na wino uliobaki ndani ya njia huonyesha mstari waziwazi. Usipoviona usihitimishe kwamba hakuna upele, kwa maana kukuna huvifuta.

Kuhusu ile krimu, tafadhali iache na uipeleke kituoni ukaonyeshe. Krimu nyingi zinazotuliza haraka kisha zikakusaliti zina dawa kama betamethasoni au klobetasoli, ambazo hupunguza wekundu na muwasho bila kumgusa kijidudu, na humfanya hata mhudumu mzoefu ashindwe kuutambua upele.

Dawa nyeupe uliyopewa inaelekea kuwa benzili benzoeti, nayo ni dawa nzuri. Haikushindwa, ilipakwa kwa mtu mmoja katika nyumba yenye wagonjwa kadhaa. Chagueni usiku mmoja, wote mnaolala humo, mama mkwe na mume wakiwemo, mpakwe kuanzia shingoni hadi nyayoni, katikati ya vidole, kitovuni, sehemu za siri na chini ya kucha zilizokatwa. Anayenawa mikono apakwe tena mikononi. Kwa mtoto dawa hii huzimuliwa kwa maji, hivyo mwombe mfamasia akupe kipimo, na kama una ujauzito au unanyonyesha mwambie kabla. Idadi ya siku za kupaka fuateni mlivyoelekezwa, kisha rudieni baada ya wiki moja, kwa sababu mayai yaliyosalia yatakuwa yameanguliwa. Asubuhi fueni nguo na mashuka kwa maji ya moto na kuyaanika juani. Yasiyofulika yafungeni kwenye mfuko wa plastiki kwa wiki moja, maana kijidudu akikosa mwili wa mtu kwa kawaida hafikishi siku nne.

Muwasho unaweza kuendelea wiki 2 hadi 4 baada ya tiba, na hapo ndipo wengi hukata tamaa wakajipaka dawa kila siku hadi ngozi ikaungua. Ukipita muda huo, au mtoto akitoa usaha, akapata homa, akavimba uso au akakojoa mkojo mwekundu, usingoje: bakteria wanaoingia kupitia mikwaruzo wanaweza kudhuru hata figo. Omba rufaa kwa mtaalamu wa ngozi. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoko hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikifundisha wataalamu hao tangu 1992.

Mama mkwe mwambie kwa upole kwamba kuoga hakumtoi kijidudu aliye ndani ya ngozi. Shirika la Afya Duniani liliuweka upele mwaka 2017 katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika, na huenea zaidi pale watu wanapolala kwa kubanana. Kwa hiyo, kabla mwanao hajarudi shuleni, zungumza na matroni ili wanafunzi wanaolala naye bweni moja watibiwe usiku uleule.