Binti yangu hataki tena kwenda kuvua

SWALI: Habari zenu. Nina binti wa miaka 4, na mimi kuvua kwa ndoano nimekupenda toka utotoni, nikasema nimfundishe mapema. Juzi nikaenda naye ziwani, dakika 10 hazijaisha kashaanza kurusha mawe majini, nikamfokea, akalia mpaka tukarudi nyumbani. Sasa nikimwambia twende anajificha nyuma ya mama yake. Nifanyeje? – Baba Binti

JIBU: Pole Baba Binti, bado hujachelewa. Nahisi siku ile ulienda kuvua wewe, yeye akawa kakusindikiza tu, na mtoto wa miaka 4 hawezi kukaa kimya anaangalia mgongo wa baba yake. Safari ijayo fimbo yako ya kuvulia iache nyumbani kabisa, beba moja tu, ya kwake, fupi na nyepesi, hata ufito wenye mshipi uliofungwa nchani unatosha sana maana roda, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, itamchanganya bure. Weka ndoano ndogo, ibane kile kijino chake kwa plaizi ili ikimchoma itoke kirahisi, na boya la rangi kali, kwa sababu mtoto anavua kwa macho, akiona boya linazama anaruka mwenyewe! Samaki wakubwa achana nao kwanza, tafuta pale penye vidagaa vingi pembeni, chambo kipande kidogo cha nyungunyungu, na amchague yeye kopoani, wengine hiyo ndo sehemu wanayoipenda kuliko zote.

Usalama sasa, hapa sikubembelezi. Avae jaketi la kuelea linalomkaa sawa hata kama mko ukingoni tu, na wewe uwe karibu kiasi cha kumshika kwa mkono, mtoto akizama mara nyingi hapigi hata kelele. Miwani pia mvalishe, ndoano ikirushwa haijui jicho. Mkipata samaki lowanisha mikono kabla ya kumshika, ule ute wake ndo unamkinga na magonjwa, halafu mwache binti amrudishe majini mwenyewe kama hamli.

Nusu saa inatosha. Akianza tena kurusha mawe, kunja mshipi urushe naye, samaki wameshakimbia hata hivyo. Ila kabla ya kumwambia twende, muombe samahani kwa kule kumfokea, atakuelewa vizuri tu.